Sura ya Sita: Kiyoyozi Kisicho na Kosa

Kiyoyozi kilipoza vizuri, na hilo ndilo lililomharibia siku mpelelezi.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha marehemu, rimoti mkononi, uso ameuinua kama mtu anayesubiri kunyolewa ndevu. Ubaridi ulimshukia shingoni, ukamwingia kwenye kola, jasho likamkauka. Mashine nzuri kabisa. Laiti ingekohoa kidogo tu! Ingetoa upepo wa vuguvugu, ingevuja, ingepiga kelele, yule mkwe wa marehemu aliyelala kwenye sakafu ya selo angepata pa kujishika. Wapi! Chumba kilizidi kuwa friji.

"Umeona?" alisema dada mtu, binti mkubwa wa marehemu, kutoka mlangoni. "Umeona kwa macho yako? Mashine nzima! Alikizima makusudi, akamfungia baba yangu humu kama mkate kwenye tanuri."

"Subiri kwanza," alisema mpelelezi.

Neno hilo ndilo lililompa jina. Kituoni hakuna aliyemwita kwa cheo. Aliitwa Subiri, wenzake kwa utani na mkuu wake kwa hasira. Asubuhi hiyo mkuu alikuwa amempigia meza: jalada la mke wa Mpole liwe kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa, kosa ni mauaji, kwisha, na asisikie tena habari za kusubiri.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia. Mzee wa nyumba hii alipatwa na kiharusi, ulimi ukafungwa, upande mmoja wa mwili ukafa. Daktari akaonya kwamba moyo wake hauwezi joto. Watoto wake wawili, huyu dada na mdogo wake anayeitwa Mpole, wakamwekea kiyoyozi. Mke wa Mpole ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Halafu siku moja ya jua kali mzee akakutwa amekufa, chumba kinachoma, madirisha yote yamefungwa, na rimoti iko mfukoni mwa mkwe wake. Daktari akaandika kuwa ni joto. Nani asingemkamata?

Subiri aliitazama tena rimoti. Ilikaa kwenye mfuko wa vielelezo tangu siku ile, na hakuna aliyeibonyeza mpaka leo. Kwenye kioo chake palikuwa na alama ya baridi, na nyuzijoto zimeshushwa hadi mwisho.

"Mtu anayetaka kuua kwa joto anashusha hivi?"

"Alishusha baadaye, ili mkija mkute hivyo. Humjui wewe yule. Mjanja kuliko unavyomwona."

Subiri akavuta kiti, akapanda, akafungua uso wa mashine. Alichomoa chujio, akapitisha kidole. Hakuna vumbi. Mashine zisizopoza nyingi huanzia hapa, kwenye chujio lililoota manyoya ya uchafu. Hili lilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

"Nani huliosha?"

"Yeye. Si ndiyo kazi yake?"

"Na wewe, kazi yako ilikuwa nini kwa mzee?"

Dada mtu alivimba. Alikuwa mwanamke mnene wa mabega, mikono imechubuka kwa sabuni, maana alifanya kazi ya kufua nguo hospitalini. "Mimi? Maji ya baba ni mimi! Baba hakunywa maji ya friji hata siku moja, yalimkwaruza koo. Mtungi ule pale sebuleni nilimletea mimi, na kila alfajiri kabla sijaenda kazini nalilowesha gunia la kuuvika kwa mikono yangu. Maji yake yalikuwa baridi kuliko huo upepo wenu wa umeme. Muulize Mpole."

Mtungi ulikuwa kwenye kigoda chake pembeni mwa sebule, mwekundu, tumbo wazi, umekauka. Karibu nao, kwenye kochi, alikaa Mpole. Mtaa mzima ulimsifu kwa jina hilo. Hajawahi kugombana na mtu, walisema, huyo ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Alikuwa mtunza ghala, na mkononi alikuwa na kisu chake cha kukatia maboksi, kile cha kusukumwa kwa kidole gumba. Kinatoka, kinaingia. Kinatoka, kinaingia.

"Dada, punguza sauti," alisema.

"Umeshakwenda kumwona mkeo?" Subiri alimuuliza.

"Bado, afande. Mambo yamekuwa mengi."

Mambo! Kituo kilikuwa mwendo wa kutembea tu kutoka pale. Subiri aliuma ulimi, akaenda kumfungulia fundi geti.

Fundi wa viyoyozi aliingia na begi lake la vifaa na tabasamu la mtu anayetaka kuonekana hana wasiwasi. Kwenye maelezo yake ya mwanzo alisema kwamba siku ya msiba hakuitwa na yeyote. Subiri alimkalisha kwenye kiti chumbani, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda cha marehemu. Dada mtu hakuondoka mlangoni.

"Siku ile, mke wa Mpole alikupigia simu?"

"Hakunipigia, af..."

"Subiri kwanza. Usijibu kwa pupa. Simu yake iko mezani kwangu."

Tabasamu likayeyuka. Kijasho kilimtoka fundi kwenye ubaridi ule ule. "Alinipigia."

"Mara moja?"

"Aaah... alinisumbua sana, afande."

"Alikusumbua. Akasema nini?"

"Kwamba kinatoa upepo ila hakipozi. Mimi nilikuwa juu ya ngazi kwa mteja mwingine. Watu wanaacha madirisha wazi halafu wanalalamika, ndivyo walivyo. Nikamwambia funga madirisha, funga mlango, shusha hadi mwisho, usifungue fungue. Kitapoza tu. Nitapita jioni."

"Kwa hiyo madirisha aliyafunga kwa amri yako."

"Ushauri, afande. Ule ulikuwa ushauri."

"Na kwa nini ulikana?"

"Niliposikia mzee amekufa, niliogopa. Mimi nina familia."

"Kumbe yeye ni mti, hana familia!" Subiri alisema, na sauti yake ilimshtua mwenyewe. Kwa sababu ya ushauri wa mtu aliyekuwa juu ya ngazi, mwanamke alikuwa anakaribia kitanzi, na mwenye ushauri alikuwa amekaa nyumbani kwake anakula vizuri. "Fungua begi. Pima kila kitu."

Fundi akapima. Alikagua waya, akasikiliza feni, akapima ubaridi wa upepo kwa kipimajoto, akangoja namba zitulie. Kila alichogusa kilikuwa sawa. Upepo una ubaridi wake. Umeme unafika.

"Mashine haina kosa," alisema. "Labda mama alikosea kubonyeza."

"Nilisema mimi!" dada mtu aliruka.

Subiri alifumba macho, akayakumbuka maneno ya mke wa Mpole, aliyoyasema siku ya kwanza, wala hakuna aliyeyajali. "Alisema boksi la nje lilikuwa linanguruma, halafu linanyamaza. Linanguruma, linanyamaza. Ndani upepo haukukatika, ila ulikuwa wa vuguvugu."

Fundi aliinua kichwa. "Alisema hivyo? Mbona hukuniambia mapema?"

"Ulisema hukupigiwa simu."

Fundi aliweka kipimo chini. "Hiyo ni kompresa, afande, moyo wa mashine, iko ndani ya lile boksi. Ilikuwa inajizima yenyewe kwa kuzidiwa na joto. Mashine hii haitengenezi baridi. Inachota joto la humu ndani, inakwenda kulimwaga nje kupitia lile boksi. Boksi likizibwa, joto halina pa kwenda. Linajizima, linapoa kidogo, linawaka, linajizima tena. Humu inabaki feni tu inazungusha hewa ile ile. Na ukishafunga madirisha, na bati hilo juu..." Akaonyesha dari kwa kidole.

"Lizibwe na nini?"

"Chochote. Majani, nguo, ukuta ukiwa karibu mno."

"Twende tukalione."

"Uani ni kwangu," alisema dada mtu.

Hapo ndipo Subiri alipoielewa ile nyumba. Wifi hawa wawili walikuwa hawasemezani. Chanzo kila mmoja alikuwa na chake, lakini mipaka waliiheshimu kuliko nchi na nchi. Mbele, jikoni na chumba cha mzee kulikuwa kwa mke. Uani, kwenye kamba za nguo na chumba cha nje, kulikuwa kwa dada, na mlango wa kwenda huko ulikuwa na kufuli. Wakitaka kuambiana jambo walilipitisha kwa Mpole, na Mpole alikuwa hodari wa kusahau. Kwa hiyo kiyoyozi cha mzee, nusu yake ilikuwa kwa mmoja na nusu kwa mwingine.

"Ufunguo wa kufuli hili uko kwa nani?"

"Mimi ninao. Na Mpole ana wake. Yule hana, na hatakuwa nao."

Uani jua liliwapokea kwa kofi. Boksi la nje lilikaa kwenye vyuma vyake ukutani, usawa wa kifua, likinguruma bila kukatika na kutoa hewa ya moto. Fundi aliinama upande wa nyuma, kwenye vibati vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Akachukua koleo, akavuta kitu, akamwonyesha Subiri: nyuzi za katani, kahawia, zimekwama kati ya vibati. Subiri naye alikuwa ameshaona chake. Kwenye guu la chuma palikuwa na fundo gumu la kamba, na kamba yenyewe ilikuwa imekatwa karibu na fundo. Haikufunguliwa, haikukatika kwa kuchakaa. Ilikatwa kwa pigo moja, safi.

"Kamba hii ilifunga nini?"

Alitegemea uongo. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Lakini dada mtu alimtazama kama anayeulizwa jina la baba yake.

"Gunia."

"Gunia gani?"

"La mtungi. Nililifunga mimi." Akaweka mikono kiunoni. "Usiku wa kuamkia siku ile baba alikuwa anatoka jasho. Nikasema hii mashine inachoka, na haiwezi kuacha kuchoka, jua lote la mchana linaipiga hapa bila huruma. Alfajiri nikachukua gunia la mtungi, nikaongeza na jingine, nikayalowesha chapachapa, nikalifunika boksi lote, mbele na nyuma, nikakaza kamba. Kama mtungi tu. Si ndivyo vitu vinavyopozwa? Niliyefikiri ni mimi. Huyo aliyejifungia na rimoti mfukoni alifikiri nini?"

Fundi alianza kufuta koleo lake kwa shati, akalifuta na kulifuta.

"Ulimwambia wifi yako?" aliuliza Subiri.

"Nimwambie yule? Angelitoa kwa kunikomoa! Na alilitoa. Niliporudi jioni sikulikuta. Ndiyo maana nasema aliua. Alilitoa gunia ili baba apate joto."

"Mbona hukutueleza hilo la gunia?"

"Mlikuwa mmeshamkamata. Nieleze nini tena?"

Subiri alimgeukia fundi. "Mwambie."

"Mwambie wewe, afande," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Mimi nimeshasema ya kutosha kwenye nyumba hii."

Basi akamwambia yeye. Hakupaka asali, maana hakuwa nayo. Mtungi hupoa kwa sababu maji ya gunia yanakauka taratibu na kuondoka na joto, na mtungi wenyewe hauna haja ya kupumua. Boksi hili linapumua. Lilivyofunikwa mbele na nyuma, lilizibwa pumzi. Tangu jua lilipopanda, joto la chumbani kwa mzee halikuwa na mlango wa kutokea.

"Nililowesha," alisema dada mtu.

"Najua."

"Nililowesha chapachapa, jamani."

"Najua, dada."

Alilitazama boksi. Alinyoosha mkono kwenye ile hewa ya moto, akauacha hapo, akaurudisha taratibu. Kisha akakaa chini kwenye saruji ya uani, miguu mbele, kama mtoto mdogo. Hakulia. Afadhali angelia.

"Kwa hiyo huyo wifi," alisema baadaye, "alipolitoa alikuwa anataka kumwokoa."

"Hakulitoa yeye. Huku hafiki. Hana ufunguo." Subiri alikishika kile kipande cha kamba. "Hapa pamekatwa na kisu chembamba, kikali sana. Cha kukatia maboksi, kwa mfano."

Tangu walipotoka nje, kulikuwa na mlio mdogo nyuma yao, kinatoka, kinaingia. Sasa ulinyamaza. Mpole alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilichelewa kupata habari," alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Kazini simu tunaziacha getini. Nilipofika baba alikuwa ameshakata roho, mke wangu na majirani wako chumbani wanalia. Nikaja huku kuangalia mashine. Gunia lilikuwa limekauka kau, la moto kama pasi. Nikajua."

"Ukalikata."

"Ndiyo."

"Ukalitupa kabla dada yako hajarudi."

"Jalalani. Ndiyo."

"Na mimi nilipomfunga mkeo pingu pale sebuleni, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulisema nini?"

Mpole alitazama chini. "Dada ndiye aliyenilea, afande. Mama alipofariki, aliacha shule kwa ajili yangu. Nimwambieje kwamba baba... kwamba ni yeye? Angekufa. Mke wangu hana kosa, nilijua mtamwachia tu."

"Tungemnyonga, wewe!" Subiri alifoka, na safari hii hakujishtukia. "Jalada lake linapelekwa leo! Tungemnyonga, na wewe ungekuja kulia msibani kwa upole wako!"

Dada mtu alikuwa amenyanyuka kwa kushika ukuta. Alimsogelea mdogo wake mpaka pua zao zikakaribiana.

"Umeniacha nimtukane," alisema. "Mbele za watu. Nimemtemea mate yule mwanamke, Mpole. Usoni. Na wewe ulisimama hapo ukijua."

"Nilikuwa nakulinda, dada."

"Nani alikutuma?" Sauti ilimpasuka. "Nani alikutuma? Ningekufa si ningekufa? Ingekuwa haki yangu!"

Kisha akalia, na kilio chake kilikuwa kile ambacho tangu siku ya msiba watu walidhani wamekisikia, kumbe bado.

Kituoni, mkuu alisoma maelezo mapya huku akinung'unika. "Sasa tunamshtaki nani? Fundi kwa ushauri? Huyu dada kwa gunia?"

"Yule wa selo tumtoe kwanza," alisema Subiri.

"Leo huna kusubiri?"

"Leo sina."

Wakamtoa. Mke wa Mpole alikuja kaunta miguu mitupu, gauni limekunjamana, macho makubwa kwenye uso uliosinyaa. Subiri alimwekea viatu vyake juu ya benchi, akamsimulia yote isipokuwa jambo moja.

"Gunia," alisema mwishoni. "La mtungi."

"Ndiyo."

Alicheka, kicheko kibaya cha puani. "Angeniambia tu, jamani. Hata kwa kunitukana. 'Wewe shetani, usiguse gunia langu.' Ningejua liko wapi. Ningevunja ule mlango kwa nyundo." Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi nilikuwa namfuta baba kwa kitambaa cha maji. Namwambia baba vumilia, fundi anakuja. Ananitazama tu. Alitaka madirisha, naamini alitaka nifungue madirisha, na ulimi hana."

Subiri alimsogezea viatu karibu.

Mwanamke akaanza kuvaa viatu. "Na aliyelitoa ni nani?"

"Subiri kw..." alianza mpelelezi, halafu akaacha. Mwanamke huyu alikuwa amesubirishwa na kila mtu. "Mumeo."

"Lini?"

"Kabla hatujaja kukukamata."

Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Vidole vilisimama, vikaendelea. "Nilimwita," alisema. "Uliponifunga pingu nilimwita. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Nilidhani amepigwa na bumbuazi. Humu ndani nilikuwa namhurumia yeye."

Akasimama, akatoka. Subiri alimfuata hadi barazani. Mpole alikuwa kwenye ngazi, mkono mmoja ameshika mkoba wa mkewe, mwingine chupa ya maji.

"Twende nyumbani," alisema Mpole. "Dada analia, anataka akuombe radhi. Mimi pia... tutaongea. Twende kwanza."

Mwanamke alipokea mkoba. Alivuta zipu, akaangalia ndani kama kila kitu kipo, akaufunga, akauning'iniza begani.

"Asante, kaka," alimwambia, kwa sauti ya mtu anayemshukuru mpita njia aliyemwokotea kitu.

Akashuka ngazi, akavuka barabara, akageukia upande usiokuwa wa nyumbani kwao.